Kwa Mama Neema, Kuhusu Magoti Yangu

Kasha, Bukavu, Jumapili ya mvua, mwezi wa kumi na moja. Mihogo uliyopanda wiki ile niliyoondoka umekwisha kuing'oa, ukapanda mingine, na hiyo nayo naambiwa inakaribia kuliwa. Ndivyo ninavyopima muda wangu huku.

Mpendwa mke wangu, Mama Neema,

Ujumbe wako wa sauti umenifikia. Niliusikiliza chumbani, kisha nikausikiliza tena kazini, nikiwa katikati ya mlima na mfuko wa mchanga mgongoni, kwa sababu nilifikiri labda mara ya kwanza nilisikia hasira ambayo haikuwamo. Imo. Uliniuliza jambo moja tu, kama ni kweli kaka yako Bahati alinikuta nimepiga magoti mbele ya watoto. Halafu ukasema: "Kama iko kweli, bakia kulekule. Usirudi kwangu. Neema hatakuwa na baba wa magoti."

Ni kweli.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu inakata maneno, na maneno haya yakikatwa katikati yatakuwa mabaya kuliko yalivyo. Dereva wa lori la mawese atakufikishia. Usisome kwa kujificha. Wasomee baba yako na Bahati, na majirani wakitaka kusikia waache wasikie, maana najua habari ya magoti yangu imetangulia kufika kwenye chemchemi kabla ya barua hii.

Nianze na kaka yako. Alikuja kuuza mawese yenu kwenye soko la Kadutu, nami nilimwambia anitafute chuoni mchana, kwa kuwa asubuhi huwa niko kazini. Alinitafuta akanipata. Nilikuwa uwanjani, katika mstari mmoja na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Shati nimeligeuza ndani kuwa nje, mguu mmoja wa suruali umekunjwa hadi gotini, na kichwani nina kofia ya karatasi ya mfuko wa simenti. Mfuko huo nilitoka nao kazini mimi mwenyewe, kwa sababu walisema kila mtu aje na kofia yake. Hayo yote alikueleza. Asilokueleza ni kwamba nilimwona. Alisimama karibu na maman anayeuza mikate, akanunua mmoja, akaula polepole mpaka ukaisha, akituangalia kama mtu anayeangalia mpira. Walipocheka, naye alicheka. Mstari ulipovunjika nilimkimbilia, lakini alikuwa ameshateremka kuelekea sokoni. Simlaumu sana. Mtu akimkuta shemeji yake katika hali ile, atamsalimu vipi? Lakini siku atakapokaa kula ugali wako, muulize habari ya ule mkate.

Sasa nikwambie nilivyofika kwenye magoti hayo. Mwanzo wake unaujua kuliko mimi, kwa sababu mwanzo wake ni wewe.

Unakumbuka ile nyumba yetu ya shitingi, turubai tupu, katika kambi ya jeshi, mvua ikinyesha inapiga kelele kama watu wanaokaanga njugu. Wewe ulikuwa umefika mwaka wa tano wa sekondari, pedagojia, masomo ya ualimu, kabla ya vita kufunga shule yenu. Mimi niliacha mwaka wa pili nikaenda jeshini. Ulisema mtu anaweza kufanya mtihani wa serikali hata bila kukaa shuleni, ajifunze peke yake, aandikishwe, aende. Nilicheka. Ulileta vitabu vya paroko, ukamfunga Neema mgongoni, ukashika mwiko. Nikikosea hesabu ulinipiga nao kwenye vidole. Wenzangu walikuja kusimama nje ya shitingi wasikie. Walisema: "Kaporali iko anapigwa na bibi yake juu ya hesabu." Na wewe, bila kuwaangalia, uliniambia: "Kichwa yako ni kama mawese ya asubuhi. Imeganda. Sogea karibu na moto."

Mwaka wa kwanza nilianguka. Mwaka wa pili nilipita kwa kukwaruza. Jina lililosomwa redioni lilikuwa langu, lakini wewe ndiye uliyeinuka ukacheza, mtoto akitikisika mgongoni. Hatukusema siku ile jambo ambalo wote wawili tulilijua, kwamba kichwa kilichopita kilikuwa chako na cheti kilikuwa changu. Hukuandikishwa kwa sababu ulikuwa unaniandaa mimi.

Halafu mkono wangu. Nilipotoka hospitali na vidole vitatu upande wa kushoto, jeshi likaniambia sifai tena, nirudishe sare, tutoke kambini. Sijasahau ulivyoupokea mkono ule. Uliufungua kitambaa, ukaugeuza juu na chini kama mtu anayechagua viazi, kisha ukasema: "Ile ya kuandika ingali." Hukulia. Wanawake wengine walikulilia. Wiki ile ile ulianza kusema habari ya chuo cha Bukavu, kwamba mimi nitangulie, nikimaliza wewe utafuata. Ukarudi kwa baba yako nyuma ya Mwenga na mtoto na masufuria, nami nikapanda lori.

Siku ya kwanza chuoni, Mama Neema, ungecheka. Niliingia darasani nimevaa koti la marehemu mjomba wako. Darasa zima lilisimama. Walidhani mimi ndiye profesa. Walinisalimu kwa Kifaransa kwa sauti moja. Mimi sikujua la kufanya, nikainua mkono nikawaambia wakae, na wakakaa. Nakwambia ukweli, kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu mkubwa. Kisha profesa mwenyewe akaingia, kijana aliyenyoa vizuri, mdogo kuliko mimi, akaniuliza natafuta nani. Nilisema mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kicheko kile bado nakisikia nikilala. Profesa aliona nimeweka mkono mmoja mfukoni, akasema: "Papa, toa mukono mu mfuko, hapa si baa." Niliutoa. Aliuangalia, wote wakauangalia. Akasema: "Basi, rudisha."

Nilirudisha. Haujatoka tena darasani.

Huku mwanafunzi mpya anaitwa bleu. Wa zamani anaitwa poil, maana yake nywele, kwamba yeye ameshaota nywele na wewe bado. Kabla bleu hajahesabiwa kuwa mtu, lazima wamtese kwanza, kisha wambatize. Wanaimbishwa, wanagaragazwa, wanapiga magoti kila poil anapopita. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo, ni desturi, na desturi haina ofisi ambayo mtu angeweza kwenda kulalamika. Bleu wengine waliitwa kwa majina ya wanyama. Mimi, kwa umri wangu, waliniita Papa Bleu.

Siku moja ya mvua walituambia tutambae toka langoni hadi kwenye mlingoti wa bendera. Vijana walitambaa kama watoto wachanga, makalio juu. Mimi nilitambaa tulivyofundishwa, kifua ndani ya matope, viwiko vikivuta. Nilifika wa kwanza, nikafikiri watanyamaza kidogo. Walipiga makofi, wakaniambia nirudi nilikoanza, kwa sababu wenzao wa mwaka wa tatu walikuwa hawajaona. Tangu siku ile, kila walipopata wageni kutoka chuo kingine, niliitwa nije nitambae. Mtu anaweza kuwa na kitu kimoja tu alichojifunza vizuri maishani, na kikawa ndicho wanachokichekea.

Mkubwa wa kamati ya ubatizo alikuwa kijana anayeitwa Trésor. Mrefu, mwembamba, mtoto wa mtu wa ofisi, viatu vyeupe hata wakati wa matope. Alikuwa na sauti. Sisi tuliotoka jeshini tunaitambua sauti inayoweza kuamuru, nyingine zote ni kelele. Trésor alikuwa nayo, na mimi mwili wangu uliisikia kabla yangu.

Ubatizo ulifanyika Jumamosi. Siku hiyo mimi nilikuwa kazini tunamwaga zege ya ghorofa. Nadhani sijakueleza vizuri kazi yangu. Nyumba za huku zinapandishwa kwenye miteremko ambayo gari haliwezi kufika. Lori linamwaga mchanga na kokoto barabarani, sisi tunavipandisha kwa mgongo hadi juu, mstari wa watu kama siafu. Na zege ikianza kumwagwa haiachwi. Ukiiacha katikati inakufa, na msimamizi anakufukuza. Sikuweza kutoka. Wenzangu walimwagiwa maji na unga, wakaimbiwa, wakapewa soda, wakawa watu.

Jumatatu nilikuja nimegeuza shati. Wote wengine walikuwa wamevaa kama kawaida, wamekaa na mapoil, wanakula maandazi kwenye mfuko mmoja. Trésor aliniita mbele yao. Alisema: "Papa Bleu, wenzako walibatizwa. Weye haukukuwa. Basi utabakia bleu mpaka miye mwenyewe nikuachilie. Umesikia?"

Nilisema: "Nimesikia, mukubwa."

Walianguka chini kwa kicheko. Labda ni kwa ajili ya lile "mukubwa". Labda alikuwa anatania tangu mwanzo na mimi peke yangu ndiye niliyepokea kama amri. Mwisho wa mwaka Trésor alimaliza masomo akaondoka. Hakuniachilia. Sidhani alikumbuka.

Nikabaki. Niliwachotea maji mapoil wanaokaa hosteli, maana bomba liko chini na hosteli iko juu. Nilifuta mabenchi. Niliwashikia nafasi kwenye mistari. Poil akiingia darasani nilisimama, na wale waliopenda zaidi walininyooshea kidole chini, nami nilipiga goti. Wenzangu niliotambaa nao sasa walikuwa mapoil, na wao pia walininyooshea kidole. Kuna mmoja nilimwinua kwenye matope siku ile ya mvua, alikuwa analia anamtaja mama yake. Yeye ndiye aliyependa kuliko wote.

Kulikuwa na faida, nisikudanganye. Bleu wa mtu anapewa maswali ya mitihani ya zamani. Anaitwa wanapokula. Anatumwa, na anayetumwa anajulikana jina.

Usiniulize kwa nini sikukataa. Wewe ndiye mtu pekee anayejua.

Unakumbuka mke wa Major, mkubwa wa kambi yetu, alipokutuma ukamchotee maji, na wewe una mimba ya Neema. Ulimjibu mbele ya wanawake wote: "Miye sikuandikishwa jeshi. Anayekula mushahara ya Major ni weye, basi chota." Wanawake walicheka mpaka jioni. Kesho yake Major aliniita mimi. Hakusema kitu juu yako. Alinipa jiwe, akaniambia nilishike juu ya kichwa katikati ya uwanja, nisimame mpaka aseme. Kisha akapanda gari lake akaenda mjini kunywa. Jua lilipanda likanipita likashuka. Ulikuja na kikombe cha maji, tumbo mbele. Ukasema: "Alishaenda. Weka ile jiwe, ikala chini." Nikakwambia hajasema. Ukamwaga yale maji miguuni pangu, ukasema: "Niliolewa na mwanaume ao na nguzo?"

Ukaondoka. Nilikuona ukiondoka, jiwe likiwa kichwani.

Ulikuwa na haki. Lakini wewe hukuwapo kule mafunzoni siku Amisi, rafiki yangu wa kwanza jeshini, alipoketi bila kuambiwa. Alikuwa amechoka tu, na mkufunzi alikuwa amekwenda mbali, hata kivuli chake hakikuonekana. Sitaandika walichomfanyia, kwa sababu baba yako anasikiliza. Naandika tu kwamba Amisi hakuketi tena, wala hakusimama. Sisi wengine tulipangwa tuangalie. Kuanzia siku ile, mtu akiniambia "mpaka nikuachilie", kuna kitu ndani yangu kinachofunga mlango kwa nje na kumpa yeye ufunguo.

Jeshi lilinipa karatasi ya kutoka. Lilichukua sare, buti, kitambulisho. Ule mlango halikuuchukua, na hakuna aliyeniuliza kama ninao.

Mwaka uliofuata niliiomba kamati mpya inibatize pamoja na bleu wapya. Walijifungia chumbani, wakafanya kikao juu yangu. Walitoka na sura nzito kama mahakimu, wakasema hawana mamlaka. Bleu huyu ni wa Trésor, walisema, wao wanamtunza tu mpaka mwenyewe arudi. Kwa wakati huo watanipanga na wapya. Nilisikia kicheko nyuma ya mlango kabla sijafika kwenye ngazi. Nilijua ni mchezo. Mimi si mjinga, Mama Neema. Kichwa kilijua vizuri. Magoti ndiyo hayakuambiwa. Na hapo katikati ya wapya ndipo kaka yako aliponikuta.

Basi ujumbe wako ukaja. Nilikaa nao siku kadhaa. Kisha nikauliza, nikaambiwa Trésor sasa anafanya kazi katika ofisi moja kule Ibanda, karibu na ziwa, mahali pa nyasi zilizokatwa. Nikaomba ruhusa kwa msimamizi, nikaoga, nikavaa lile koti, nikashuka. Unaona jinsi nilivyo? Wewe uliniambia niache kupiga magoti, na mimi nikaenda kutafuta mtu wa kunipa ruhusa ya kuacha.

Mlinzi wa lango aliniangalia viatu, akaniambia wanaoleta mchanga wanapita nyuma. Nilisema namtafuta Monsieur Trésor. Alipotoka, ana kadi shingoni na simu mkononi, alisema kabla sijafungua kinywa: "Papa, kama ni kazi, hatuna kazi."

Nilimwambia si kazi. Nilimwambia mimi ni Papa Bleu.

Hapo ikamjia. Alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. "Weye! Ungali ku chuo?" Nikasema ndiyo. "Na ungali bleu?" Nikasema ndiyo, hujaniachilia.

Alinyamaza kidogo. Nataka ujue kwamba alinyamaza, kwa sababu katika ule unyamavu nilifikiri ataona haya, na tungemaliza hapo. Lakini aligeuka akawaita wenzake watoke, wanawake wawili wa ofisi na dereva wao. Akawaambia: "Muone huyu papa. Alikuwa soldat, mutu wa vita kabisa. Tangu niko ku chuo iko anangoja miye tu." Mmoja wa wanawake alisema si kweli. Trésor akaniambia niwaonyeshe. Hakupaza sauti. Alinyoosha kidole chini, pale kwenye changarawe.

Mama Neema, nilipiga magoti.

Sikuamua. Nilikuwa nimeshafika chini ndipo nilipojua kwamba nimeshuka. Trésor alipiga picha. Yule mwanamke alisema, "Ee Mungu wangu," lakini alisogea ili aonekane vizuri kwenye picha. Nikiwa pale chini nikasema: "Sasa niachilie." Niliisema kwa adabu. Trésor alifuta machozi ya kicheko, akafikiri, au akajifanya anafikiri. Akasema: "Bado, papa. Rudi siku ingine, nitaangalia."

Wakaingia ndani. Walikuwa na mkutano.

Mimi nikabaki kwenye changarawe. Siwezi kukwambia muda gani. Mlinzi aliniambia niinuke, wamekwenda. Sikuinuka. Halafu gari likaja likataka kuingia, likapiga honi, na mlinzi akapandisha sauti: "Papa, simama, unafunga njia." Nikasimama.

Ningependa kukuandikia kwamba nilisimama kama mwanaume. Nilisimama kwa sababu gari lilitaka kupita.

Lakini nilipokuwa nimesimama, niliona kwamba nimesimama. Hakuna aliyeniachilia na nilikuwa kwa miguu yangu, na mbingu hazikuanguka. Nikaanza kutembea. Nilikuwa bado sijafika mbali Trésor alipofungua dirisha la juu akaita: "Papa Bleu! Sijakuachilia!" Na wenzake nyuma yake wakicheka. Mgongo wangu wote ukawa baridi, nikingoja fimbo. Fimbo haikuja. Nilitembea toka pale hadi Kasha bila kugeuza shingo, barabara yote ile, na nilipofika chumbani shingo ilikuwa imekaza kama ya mtu aliyebeba mzigo.

Sasa unataka kusikia kwamba mambo yamekuwa mazuri. Hayakuwa. Kesho yake yule kijana niliyewahi kumwinua kwenye matope alisema, bila kuniangalia: "Papa Bleu, maji." Nikamwambia aende achote. Darasa lilinyamaza. Nilidhani baada ya ule unyamavu itakuja heshima. Kilichokuja ni unyamavu mwingine, na huo ndio unaoendelea hadi leo. Hakuna anayenituma, hakuna anayeniita. Maswali ya zamani hayanifikii. Profesa akitupa kazi ya vikundi, vikundi vinapatikana kabla sijainuka, naandika kazi yangu peke yangu na jina moja chini yake. Hata Papa Bleu hawaniiti. Wakilazimika kunitaja wanasema "yule". Nilikuwa sijajua kwamba magoti ndiyo yaliyokuwa urafiki wangu wote.

Asubuhi nabeba mchanga, mchana nakaa upande wa ukutani na vumbi kichwani, nasomea kilimo. Wiki iliyopita tulichora jembe, tukaandika majina ya sehemu zake kwa Kifaransa. Nilikufikiria wewe, umeinama shambani kwa baba yako, umeshika kitu kile kile, hujui kwamba kina majina mengi hivyo. Nilitaka kucheka na mtu. Nilitazama huku na huku, nikaendelea kuchora.

Sasa neno lako la mwisho. Unasema Neema hatakuwa na baba wa magoti. Mke wangu, Neema alizaliwa na baba wa magoti. Uji aliokunywa kwa kikombe kambini ulitoka kwenye magoti hayo. Siku ile uliyomjibu mke wa Major na wanawake wakacheka, aliyelipia kicheko chenu alikuwa amesimama uwanjani na jiwe. Sikuwahi kukwambia hivyo, na leo nakwambia, uumie na wewe kidogo. Ulikuwa na haki ya kusema ulichosema. Uliweza kukisema kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuadhibiwa mahali pako.

Najua kauli hii itakuchoma. Nimeifuta mara moja nikairudisha.

Na hata hivyo, jioni ninapolala mikono imevimba, sioni chuo, sioni Trésor. Naona wewe na mwiko, mvua ikipiga shitingi, unaniambia nisogee karibu na moto. Sijapata tena mtu anayenitukana akiwa anataka niendelee.

Chuo siachi. Nimebakiza mwaka huu na mwingine, na nikianguka nitaurudia. Wazungumze nami pale ukutani au wasizungumze, mtihani unaandikwa na mtu mmoja mmoja, na ile ya kuandika ingali.

Lakini uliniambia nisirudi kwako. Nimeisikia hiyo amri vizuri, na sauti yako unaijua, hakuna Major aliyekuwa na sauti kama yako. Ya Trésor niliikataa kwa sababu ya gari. Yako naikataa kwa akili yangu mwenyewe, nimeketi, kalamu mkononi, hakuna anayepiga honi.

Nitakuja mwezi wa pili, wiki ile mitihani inapokwisha, nitapanda lori hadi Mwenga na baada ya hapo nitatembea kwa miguu. Ukitaka kufunga mlango, funga. Nitaufungua mimi.

Mume wako,
Baba Neema